Majiko ya Bure ya Bwana Tembo

Hapo zamani, wanangu, zamani ile ya kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa masikio tu, wanyama walikuwa na nyumba kama sisi, na majirani kama sisi, na njaa kama yetu. Sogeeni karibu. Mtacheka mahali pawili patatu, lakini hadithi yenyewe si ya kuchekesha.

Katika nchi ya Mabondeni aliishi Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, hana mkia, anakaa kwenye mawe. Huyu alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu. Vyungu vya duara, vyenye tumbo pana na midomo iliyokunjwa vizuri. Jirani yake wa upande wa juu alikuwa Mzee Kakakuona, fundi wa majiko ya udongo. Na ng'ambo ya soko alikuwapo Fungo, naye mfinyanzi wa vyungu.

Basi chungu cha yeyote kilikaa juu ya jiko la yeyote. Chungu cha Bi Pimbi kikivuja, mteja alikwenda kwa Fungo. Cha Fungo kikipasuka, alirudi kwa Bi Pimbi.

"Ukinipa chungu chepesi nahamia kwa Fungo!" wateja walimtania.

"Nenda, utarudi unalia!" Bi Pimbi alijibu, nao wakacheka.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Bwana Tembo alipofika.

Alifika mwanzo wa kiangazi, mgongo wake umejaa mizigo. Akaenda moja kwa moja sokoni, akaanza kushusha. Puu! Puu! Puu! Majiko ya chuma, mekundu, yanang'aa kama kucha za bibi harusi. Karani wake alikuwa Ngiri, na Ngiri alishika debe tupu akaligonga kwa kijiti. Nga! nga! nga!

"Njooni wote! Majiko ya kisasa! Njooni!"

Jumbe wa nchi ile alikuwa Nyati. Akalizunguka jiko moja, akalinusa. "Bei gani?"

"Bei? Nani kataja bei, jumbe wangu? Bure!"

"Bure kabisa?"

"Bure kabisa! Bwana Tembo anawapenda. Na kila jiko lina chungu chake, nacho ni bure."

Loo! Mkanyagano wake! Swala akamkanyaga sungura, kobe akapinduliwa chali, kuku wakapitia juu ya vichwa vya watu. Kufikia adhuhuri hapakuwa na nyumba iliyokosa jiko jekundu.

Nami sitawadanganya, wanangu. Jiko lilikuwa zuri. Liliwaka upesi, lilikula makaa kidogo, moshi wake haukuuma macho. Kitu kimoja tu kilikuwa kigeni: mdomo wake ulikuwa na pembe tatu. Hata vyungu vilivyokuja nalo vilikuwa na pembe tatu chini, vikaingia mdomoni, kap! kama kidole kwenye pete.

"Mbona pembe tatu?" aliuliza Bi Digidigi, jirani wa Bi Pimbi wa upande wa chini. Alikuwa na mtoto mmoja tu, jina lake Kibibi, naye alikuwa amesimama nyuma yake akichungulia.

"Ndio usasa, mama," Ngiri akasema. "Duara ni mambo ya kizamani."

Kibibi akacheka. "Mama, tuchukue! Linang'aa!"

Wakalichukua.

Majiko ya udongo yalitupwa korongoni, yakavunjika. Mzee Kakakuona akakaa mlangoni kwake kiangazi kizima, akingoja mteja. Hakuja hata mmoja. Siku moja Bi Pimbi alikwenda kumjulia hali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Mzee, labda ungepunguza bei kidogo."

Kakakuona akamtazama. "Nipunguze mpaka wapi? Chini ya bure kuna nini?"

Wiki ile ile mzee akafunga mlango kwa kamba, akatia zana zake kwenye kikapu, akaondoka. Hakuaga. Wengine walisema alikwenda kwa mwanawe, wengine walisema hana mwana. Fungo naye akaacha ufinyanzi. Akaajiriwa na Tembo kubeba vyungu vya pembe tatu, vyungu ambavyo mikono yake mwenyewe ingevifinyanga vizuri zaidi.

Kisha vile vyungu vikaanza kupasuka. Vilikuwa vyembamba. Unapika maharage, maji yanachemka tokotoko tokotoko, mara kacha! Maharage yako majivuni.

Wakaenda kwa Ngiri. "Chungu kimepasuka, ndugu yetu. Tupe kingine."

"Kingine? Kibaba kimoja cha mtama."

"Lakini ilikuwa bure!"

"Jiko ndilo bure, mama. Chungu cha kwanza ndicho bure. Hiki ni cha pili."

Wakalipa. Wangefanya nini? Mwezi uliofuata ikawa vibaba viwili. Baadaye pishi nzima, yaani vibaba vinne. Waliojaribu kutumia vyungu vya duara waliona vinayumba juu ya zile pembe tatu, vinainama, vinamwaga. Na fundi wa majiko ya zamani alikuwa amekwenda zake.

Bi Pimbi hakukubali kufa kibudu. Akachukua udongo, akafinyanga vyungu sita vya pembe tatu, vinene, imara, akavipeleka sokoni kwa bei ndogo. Havijanunuliwa hata viwili, ardhi ikatikisika. Tii! Tii! Tii! Bwana Tembo huyo.

"Nani kakuruhusu kufinyanga umbo langu?"

"Baba, pembe tatu nazo zina mwenyewe?"

"Zinaye. Mimi!"

Akainua mguu. Chwaa! Vyungu vyote vikawa vigae.

"Ukirudia," Tembo akasema taratibu, "nitakanyaga na kidole kilichofinyanga."

Bi Pimbi akaokota kikapu chake kitupu, akaenda nyumbani. Njiani hakuna aliyemsemesha. Si kwamba walimchukia. Waliona haya tu.

Masika ikaja, masika mbaya, mvua ya kutwa kucha. Hakuna aliyeweza kuwasha moto wa mafiga, maana kuni zote zilikuwa zimelowa. Mtama uliisha maghalani, nusu yake ikiwa imekwenda kwa Ngiri, na wengi walibaki na muhogo mchungu. Ninyi mnajua muhogo mchungu: usipoiva vizuri ni sumu.

Asubuhi moja Bi Digidigi aliupandisha muhogo jikoni. Haujaiva hata robo, kacha! Chungu kikapasuka. Akachukua chungu chake cha zamani cha duara, akahamishia muhogo, akakisimamisha juu ya lile jiko. Kikayumba. Akakishika kwa tambara. Kikainama, maji yakamwagika, moto ukazimika. Shhh.

"Kaa hapa, mwanangu," akamwambia Kibibi. "Usiguse kitu. Naenda kwa Ngiri kununua chungu."

"Nina njaa, mama."

"Nakwenda na kurudi."

Kwa Ngiri aliambiwa pishi moja. Alikuwa na kibaba kimoja. "Nenda ukaongeze," Ngiri akasema, wala hakuinua macho. Akazunguka nyumba tatu kwenye mvua akikopa mtama, kiganja hapa, kiganja pale. Aliporudi na chungu kipya mkononi, Kibibi alikuwa amelala karibu na jiko, na kipande cha muhogo kikiwa mkononi mwake. Njaa ilikuwa imemshinda. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa.

Matanga yalikuwa ya kimya. Walikaa chini ya ukuta unaovuja, wakisikiliza mvua. Bi Digidigi hakulia kwa sauti. Alisema neno moja tu, akalirudia siku zote tatu: "Nilikwenda na kurudi."

Siku ya tatu, waombolezaji walipoondoka, Bi Pimbi alibaki.

"Jirani," akasema, "niazime jiko lako siku ya soko."

"La nini?"

"Nina shauri langu. Usiniulize."

"Lichukue. Sitaki kuliona."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Bi Pimbi hakusema zaidi, na Bi Digidigi hakuuliza zaidi. Likumbukeni hilo.

Siku ya soko mvua ilikatika kidogo. Bi Pimbi akaliweka lile jiko jekundu katikati ya uwanja, akatoa tupa ya kusugulia chuma, akaanza kukata zile pembe ili mdomo uwe duara. Kwaruuu! Kwaruuu! Meno ya kila mtu yakauma. Wanyama wakakusanyika.

"Bi Pimbi, una wazimu? Tembo atakuua!"

"Kwaruuu," likajibu jiko.

Ngiri akaja mbio, akaona, akapiga ukemi wa kumwita bwana wake. Haukupita muda, tii! tii! tii! Tembo alisimama juu yake kama mlima. Jumbe Nyati naye alikuja, maana aliogopa damu isimwagike uwanjani kwake.

"Jumbe!" Tembo akanguruma. "Huyu anaharibu mali yangu mchana kweupe!"

Bi Pimbi akajiangusha kifudifudi matopeni. "Nisamehe, baba! Mimi mjinga! Sikujua ni mali yako!"

"Hukujua?"

"Nilidhani ni jiko la Bi Digidigi. Si alipewa bure?"

"Alipewa?" Tembo akacheka, na tumbo lake likatikisika. "Nani kasema nilimpa mtu? Niliwaazima! Jiko ni langu. Wanapikia tu."

"Ala! Kumbe! Na la Swala je?"

"Langu!"

"Hata lililopasuka?"

"Langu!"

"Hata lililo nyumbani kwa jumbe?"

Tembo akamtupia Nyati jicho. Alipoona Nyati ametazama pembeni, akavimba zaidi. "Langu! Kila jiko jekundu katika nchi hii ni langu, jana, leo na kesho! Ndiyo maana hakuna ruhusa ya kulikata, wala kulitoboa, wala kuliwekea chungu kisicho changu. Mmesikia?"

"Tumesikia," wanyama wakasema kwa unyonge.

"Mmesikia vizuri?" Bi Pimbi akauliza, bado kifudifudi. "Jumbe, umesikia?"

"Nimesikia."

Basi Bi Pimbi akasimama. Akajipangusa tope polepole, goti moja, goti la pili. Machozi hayakuwapo tena.

"Jumbe wetu, nikumbushe sheria ya Mabondeni. Mti wako ukiangukia nyumba yangu, nani anajenga?"

"Mwenye mti," Nyati akasema. "Mwenye kitu ndiye mwenye madhara yake. Hata mtoto anajua."

"Vema. Jiko hili mnaliona? Juu ya jiko hili chungu cha Bwana Tembo kilipasuka. Juu ya jiko hili chungu cha duara kilikataa kukaa. Mbele ya jiko hili alikufa Kibibi, bintiye Bi Digidigi, kwa muhogo usioiva. Sote tulimzika. Na sasa mwenye jiko amejitaja kwa mdomo wake mwenyewe, mara nne. Jumbe, katika nchi hii, aliyeua hufanywa nini?"

Nyati akasema kwa sauti nzito: "Hukatwa pembe zake, akafukuzwa."

Macho yote yakageukia pembe za Tembo. Pembe ndefu, nyeupe, safi.

Tembo akameza mate. Gubu! "Ngoja. Ngoja kwanza. Nilikuwa natania."

"Unatania, baba?"

"Majiko si yangu! Mimi niligawa! Ngiri si shahidi? Alitangaza mwenyewe, bure, bure kabisa! Ukimpa mtu kitu si chako tena!"

"Sema kwa sauti, baba. Masikio yetu ni madogo."

"Si yangu!" Tembo akapiga kelele mpaka kunguru wakaruka. "Si yangu! Kila jiko ni la aliyepewa! Hata hilo! Hilo ni la Bi Digidigi!"

"Na mwenye jiko aweza kulikata apendavyo?"

"Alikate! Alitafune! Mimi silijui!"

"Haya!" Bi Pimbi akaruka juu ya jiko, akainua tupa. "Mmesikia, jamaa? Leteni majiko yenu! Leo duara!"

Wee! Vigelegele! Wanyama wakakimbilia nyumbani, wakarudi na majiko vichwani. Aliyekuwa na tupa akatoa tupa, aliyekosa akasugua kwa jiwe. Kwaruuu! Kwaruuu! Uwanja mzima ukalia kama panzi elfu. Tembo akaondoka kinyumenyume, Ngiri nyuma yake, na debe lake kwapani.

Hapo, wanangu, ndipo mlipopaswa kucheka, na wengi sokoni walicheka. Lakini Jumbe Nyati alikuwa hajacheka. Alikuwa mzito wa akili, na mambo yalimfikia polepole. Akajisemea, lakini sauti yake ilikuwa kubwa, na ikasikika wakati tupa zilipotulia kidogo.

"Basi kama jiko lilikuwa la Bi Digidigi… na mwenye kitu ndiye mwenye madhara yake…"

Hakulimaliza neno lake. Halikuhitaji kumalizwa.

Wote wakageuka. Bi Digidigi alikuwa amesimama pembeni mwa uwanja, shuka ya msiba bado kichwani. Alikuwa amesikia jina la mwanawe likitajwa, akaja. Alikuwa amesikia yote.

Tupa ikamwanguka Bi Pimbi mkononi. "Jirani," akasema. "Jirani, hapana, hakuna anayesema hivyo. Jumbe hakukusudia…"

"Umesema vizuri leo," Bi Digidigi akasema. "Mimi nisingeweza kusema hivyo. Mpaka asubuhi ya leo mwanangu alikuwa ameuawa na Tembo. Sasa nchi nzima imepiga vigelegele kwamba aliuawa na jiko la mama yake."

"Nilitaka kumtia woga tu! Nilijua ataruka. Ilikuwa lazima aruke, ndipo tupate majiko yetu. Sikukusudia wewe uumie."

"Najua. Ulikusudia vyungu."

Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli yote, na Bi Pimbi hakujua aanzie wapi kuitenganisha.

"Ungeniuliza," Bi Digidigi akasema. "Ungesema, jirani, nataka kumtaja Kibibi sokoni, kwa sababu hii na hii. Pengine ningekubali. Pengine ningekwambia, mbane Tembo, tusimwachie njia ya kutokea, akatwe pembe. Hukuniuliza."

Akageuka, akaenda zake, na wanyama wakampisha njia pana, kama unavyompisha mtu aliyebeba maji ya moto.

Biashara ilirudi Mabondeni. Bi Pimbi aliuza vyungu mpaka udongo ukamwishia. Fungo aliacha kubeba mizigo ya watu, akafinyanga tena. Tembo naye, alipoona hana la kufanya, akaanza kuuza vyungu vya duara, vinene kidogo, kwa bei ya wenzake. Wapo walionunua kwake, na hakuna aliyewakataza. Majiko mengine yalipasuka kwa kukatwa vibaya, na wenyewe walimtafuta Mzee Kakakuona mpaka nchi za mbali, wasimpate. Walikuta majani yameota mlangoni kwake.

Wakamwita Bi Pimbi mjanja kupita wote. Walimpigia makofi kila alipopita. Yeye alikuwa akiinamisha kichwa na kutembea upesi.

Mwisho wa masika Bi Digidigi alihamia kwao, ng'ambo ya mto. Siku ya safari Bi Pimbi alimfuata mpaka kivukoni na chungu kipya, kizuri kuliko vyote alivyopata kufinyanga. Bi Digidigi alikitazama. Hakutukana. Aliacha chungu mkononi mwa mwenyewe, akaingia majini, akavuka.

Hadithi yangu inaishia pale mtoni, wanangu, nanyi mkiondoka hapa shikeni hili moja: kabla hujapokea cha bure, na kabla hujashangilia ushindi, uliza kwanza ni nani aliyelipa.